Theluji, Kipimo na Lawama: Historia ya Maarifa ya Kutua kwa Ndege kwenye Njia Zenye Theluji, 1958–2021

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi maarifa kuhusu usalama wa ndege kwenye njia zenye theluji yalivyojengeka kati ya mwaka 1958 na mwaka 2021. Kwa kufuatilia ajali za Munich, Boston, Chicago na New York pamoja na hatua za kiufundi na kikanuni zilizozifuata, makala inajenga hoja kwamba kikwazo kikuu katika kipindi hicho hakikuwa theluji yenyewe wala uhaba wa vifaa vya kupimia. Kikwazo kilikuwa kukosekana kwa lugha ya pamoja kati ya mtu aliyekagua njia na rubani aliyekuwa angani. Pale ambapo lugha hiyo haikuwapo, lawama ilielekea kumwangukia rubani, hata katika mambo ambayo hakupewa nafasi ya kuyajua.

1.0 Utangulizi

Ndege inapogusa ardhi, nguvu tatu huipunguzia kasi: ukinzani wa hewa, msukumo wa kinyume wa injini na breki za magurudumu. Kwenye lami kavu breki hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwenye theluji au barafu msuguano kati ya tairi na ardhi hushuka, na mgawanyo wa kazi hubadilika. Kwa kuwa nishati inayopaswa kuondolewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, makosa madogo ya kasi, ya mahali pa kugusa ardhi au ya upepo wa nyuma huzaa tofauti kubwa mwishoni mwa njia.

Fizikia hiyo ilijulikana mapema. Jambo ambalo halikutatuliwa kwa zaidi ya nusu karne ni swali linaloonekana rahisi: njia ina hali gani sasa hivi, na hali hiyo ina maana gani kwa ndege hii? Makala hii inalichukulia swali hilo kuwa la kihistoria. Inaangalia nani aliulizwa, nani alijibu, kwa maneno gani, na nani alibeba gharama jibu lilipokosekana.

Ufafanuzi wa istilahi unahitajika mapema, kwa kuwa Kiswahili kina msamiati mpana wa mvua kuliko wa theluji. Katika makala hii, *theluji chepechepe* ni theluji iliyoyeyuka nusu na kujaa maji kiasi cha kuruka kama tope ikikanyagwa. *Theluji iliyoshindiliwa* ni ile iliyobanwa na magurudumu au mitambo ikawa tabaka gumu. *Sakitu* ni ukungu ulioganda juu ya ardhi. *Njia* ni njia ya kurukia na kutua ndege. Tofauti hizi si za kilugha tu. Kama itakavyoonekana katika sehemu ya 6.0, kila istilahi ina thamani yake katika hesabu ya umbali wa kusimama.

2.0 Munich, 1958: Theluji Kabla ya Kuwa Maarifa

Historia hii inaanza na ndege iliyokuwa ikiruka, si iliyokuwa ikitua. Tarehe 6 Februari 1958, ndege ya shirika la BEA aina ya Airspeed Ambassador, iliyobeba timu ya Manchester United pamoja na waandishi wa habari, ilijaribu kuruka kwa mara ya tatu kutoka uwanja wa Munich-Riem. Ilifikia kasi ya noti 117, kisha kasi ikashuka hadi noti 105 ingali ardhini. Ilipita mwisho wa njia, ikavunja uzio na kuigonga nyumba. Kati ya watu 44 waliokuwamo, 23 walifariki.

Wachunguzi wa Ujerumani Magharibi walihitimisha kwamba sababu ilikuwa barafu juu ya mbawa, na kuangalia mbawa ni wajibu wa rubani. Kapteni James Thain, aliyenusurika, alishikilia kwamba kasi ilishuka kwa sababu magurudumu yaliingia kwenye theluji chepechepe karibu na mwisho wa njia. Wakati huo dai lake halikuwa na msingi wa kisayansi uliokubalika. Ukinzani wa theluji chepechepe dhidi ya magurudumu haukuwa umepimwa kikamilifu, na kiwanja hakikuwa na wajibu wa kumweleza rubani kina chake kwa namna ambayo angeweza kuitumia katika hesabu.

Maarifa yalikuja baadaye. Majaribio yaliyofanywa Uingereza, na yale ya Marekani mwaka 1961 yaliyotumia ndege ya Convair 880 kule Atlantic City, yalithibitisha kwamba tabaka jembamba la theluji chepechepe linaweza kuizuia ndege kufikia kasi ya kuruka. Mwaka 1969 tume mpya ya Uingereza iliyoongozwa na Edward Fay ilitamka kwamba theluji chepechepe ndiyo iliyosababisha ajali na kwamba Thain hakustahili lawama. Kwa wakati huo alikuwa amekwisha kufukuzwa kazi na hakurudi tena katika urubani wa abiria. Alifariki mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 53.

Kisa cha Thain kina umuhimu wa kimbinu kwa makala hii. Kinaonyesha kwamba hukumu juu ya mtu ilitangulia maarifa juu ya kitu. Wachunguzi walikuwa na utaratibu wa kuuliza kama rubani alitimiza wajibu wake. Hawakuwa na utaratibu wa kuuliza kama njia ilikuwa imeelezwa ipasavyo.

3.0 Kutoka Tairi hadi Namba

Muongo wa 1960 ulileta maelezo ya kisayansi kuhusu tairi. Mwaka 1963 Walter Horne na Robert Dreher wa NASA, katika kituo cha utafiti cha Langley, walichapisha matokeo yao kuhusu kuelea kwa tairi juu ya maji. Walionyesha kwamba, kina cha maji kikitosha, kasi ambayo tairi huanza kuelea inategemea hasa shinikizo la hewa ndani yake: mara 9 ya kipeuo cha pili cha shinikizo hilo kwa pauni kwa inchi mraba, jibu likiwa kwa noti. Tairi lenye shinikizo la 144 huanza kuelea kwenye noti 108, yaani takriban kilomita 200 kwa saa. Kasi hiyo iko ndani kabisa ya upeo wa kutua kwa ndege ya jeti. Kutokana na utafiti wa aina hii, uchongaji wa mifereji midogo kwenye lami ili maji yakimbie ulienea katika viwanja vingi.

Mifereji hiyo ilisaidia sana wakati wa mvua. Kwa theluji na barafu msaada wake ulikuwa na mpaka, na viwanja vya nchi za kaskazini viligeukia upimaji. Mwanzoni gari lilifungwa kifaa cha kupima upungufu wa mwendo, likapigwa breki na usomaji ukaandikwa. Baadaye vikaja vifaa vyenye gurudumu maalumu la kupimia, kama Skiddometer ya Sweden na Mu-Meter ya Uingereza. Vyote vilitoa namba moja, mgawo wa msuguano, na namba hiyo ikatafsiriwa kwa maneno kwa jedwali la kimataifa: 0.40 na zaidi ilikuwa hali nzuri ya breki, 0.25 na chini yake ilikuwa duni.

Jedwali hilo lilikuwa na tahadhari ambayo wengi waliisahau. Takwimu zilizolizaa zilikusanywa kwenye theluji iliyoshindiliwa na barafu pekee. Halikukusudiwa kwa theluji chepechepe wala theluji mbichi iliyolala bila kushindiliwa, ambako gurudumu dogo na jepesi la kifaa hupita kwa namna tofauti kabisa na gurudumu la ndege lenye tani kadhaa juu yake. Namba ilikuwa sahihi kwa gari. Uhusiano wake na ndege ulikuwa jambo jingine.

4.0 Boston, 1982: Orodha ya Mambo Yaliyokosekana

Tarehe 23 Januari 1982 ndege ya DC-10 ya shirika la World Airways ilitua usiku katika uwanja wa Logan, Boston, kwenye njia iliyofunikwa na barafu. Iligusa ardhi takriban mita 850 baada ya kizingiti, haikuweza kusimama, na ikaishia katika maji ya bandari ya Boston, sehemu yake ya mbele ikikatika. Abiria wawili hawakuonekana tena.

Umuhimu wa ajali hii kwa mwanahistoria uko katika hatima ya ripoti yake. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (NTSB) iliichunguza, kisha ikalifungua upya shauri na kuirekebisha ripoti mwaka 1985. Katika ripoti iliyorekebishwa, kiini cha sababu kilikuwa kwamba rubani alitua bila taarifa za kutosha kuhusu njia ambayo utelezi wake ulizidi uwezo wa ndege kusimama. Bodi ikaorodhesha chimbuko la upungufu huo: kanuni hazikutoa mwongozo kwa viwanja kuhusu upimaji wa utelezi, hazikuwapa marubani njia ya kuhusisha hali ya uso wa njia na umbali wa kusimama, hazikurefusha kiwango cha chini cha urefu wa njia kulingana na breki hafifu, menejimenti ya kiwanja haikufanya juhudi za kutosha, na waongozaji wa ndege hawakumfikishia rubani taarifa za breki zilizokuwapo. Kasi kubwa ambayo rubani aliikubali kutoka kwenye mfumo wa kujiendesha wa nguvu za injini ilibaki kuwa sababu changizi.

Mpangilio huo ni kinyume cha ule wa Munich. Huko wachunguzi walianza na rubani, na hali ya njia ikaja baada ya miaka kumi na moja. Hapa walianza na taarifa. Hata hivyo, kuandika upungufu si kuuondoa. Kanuni ya Marekani iliendelea kudai kwamba, kabla ya safari kuanza, ndege ipangiwe njia ambayo ingeweza kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wake, pamoja na nyongeza ya asilimia 15 kwa njia yenye unyevu. Hesabu hiyo ilifanyika kabla ya kuondoka na ilijengwa juu ya majaribio ya lami kavu. Hakuna kanuni iliyodai hesabu mpya wakati wa kufika, theluji ikiwa imeshaanguka.

5.0 Chicago, 2005: Gharama ya Pengo

Pengo hilo lilikuwa bado wazi usiku wa tarehe 8 Desemba 2005. Boeing 737-700 ya Southwest Airlines, ikitoka Baltimore na watu 103, ilikaribia uwanja wa Midway, Chicago, wakati wa dhoruba ya theluji. Midway umezungukwa na mitaa ya jiji pande zote. Njia iliyotumika, 31C, ilikuwa na mita 1,776 za kutulia. Uonevu hafifu ulizuia kutua kutoka upande wa pili, na kwa hiyo ndege ilitua huku upepo ukiisukuma kwa nyuma. Taarifa za breki kutoka kwa ndege zilizotangulia zilitofautiana, na baadhi zilisema hali ni duni kwenye nusu ya mwisho ya njia.

Ndani ya chumba cha marubani palikuwa na kompyuta ya kukokotoa umbali wa kusimama. Kompyuta ilionyesha kwamba ndege ingesimama, kwa ziada ndogo. Mambo mawili hayakuonekana kwenye kioo chake. Kwanza, hesabu ilichukulia kwamba msukumo wa kinyume ungetumika mara baada ya kugusa ardhi. Pili, kwa hali duni ya breki, programu iliuwekea upepo wa nyuma ukomo wa noti 5 hata rubani alipoingiza upepo mkubwa zaidi. Marubani waliliona jibu. Hawakuyaona masharti yake.

Ndege iligusa ardhi mahali panapofaa. Msukumo wa kinyume ulichelewa kwa takriban sekunde 18. NTSB ilieleza kwamba marubani walikuwa wakitumia breki za kujiendesha kwa mara ya kwanza, na ugeni huo uliwaondolea umakini. Ndege ilipita mwisho wa njia ikiwa na kasi ya karibu noti 50, yaani kilomita zaidi ya 90 kwa saa, ikavunja uzio, ikaingia barabarani na kuligonga gari. Mtoto wa kiume wa miaka sita aliyekuwa ndani ya gari hilo alifariki. Hakuwa abiria, na familia yake haikuwa na uhusiano wowote na safari hiyo.

Ripoti ya mwaka 2007 ilitaja kuchelewa kwa msukumo wa kinyume kuwa sababu. Inaweza kudaiwa kwamba uamuzi huo unaipinga hoja ya makala hii, kwa kuwa hapa kosa la marubani lilikuwa dhahiri na lilipimika kwa sekunde. Dai hilo lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Aidha, bodi ilitaja kwamba marubani walipaswa kwenda kiwanja kingine, kwa kuzingatia taarifa za breki duni na upepo wa nyuma uliozidi noti 5. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaja pia mafunzo yasiyo na uwiano kuhusu hesabu za kutua, programu iliyoficha dhana zake, kuanzishwa kwa utaratibu mpya wa breki bila kipindi cha kuuzoea, na kukosekana kwa ziada ya usalama katika hesabu ya kufika. Kwa ukali wa matokeo, bodi ilitaja kutokuwapo kwa kitanda cha zege jepesi linalovunjika chini ya uzito wa ndege na kuisimamisha. Vitanda hivyo viliwekwa Midway baadaye. Kosa la mtu lilikuwapo. Lakini sekunde hizo 18 zilikuwa na uzito wa kuua kwa sababu mfumo haukuacha nafasi ya kosa lolote.

6.0 Kuelekea Lugha ya Pamoja

Hatua ya kwanza ilikuwa ya haraka. Mwezi Agosti 2006 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ilishauri mashirika kufanya hesabu ya kutua wakati wa kufika, kwa hali halisi ya wakati huo, na kuongeza angalau asilimia 15 kwenye umbali uliopatikana. Kamati iliyojumuisha mashirika ya ndege, viwanja, watengenezaji na wadhibiti iliundwa, na ilitoa mapendekezo yake mwaka 2009.

Uamuzi mkuu wa kamati hiyo ulikuwa kuacha kuitegemea namba ya kifaa. Ushahidi dhidi ya namba hiyo ulikuwa umekusanyika kwa muda mrefu. Kuanzia mwaka 1996 Kanada, NASA na FAA walishirikiana katika majaribio ya majira ya baridi, hasa kule North Bay, Ontario, wakilinganisha vifaa vya ardhini na ndege halisi. Kanada iliendelea na faharasa yake ya msuguano, iliyofungamanishwa na majedwali ya umbali wa kutua. Nchini Norwei, mamlaka ya uchunguzi wa ajali ilichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa ajali na matukio 30 ya majira ya baridi. Ilionyesha kwamba vipimo vya msuguano vilikuwa na shaka kubwa mno kuweza kutumiwa kwa usahihi wa desimali, hasa penye unyevu.

Badala ya namba ya kifaa, mfumo mpya ulianza na kile ambacho mkaguzi anaweza kukiona na kukipima kwa rula na kipimajoto: aina ya kinachofunika njia, kina chake, eneo lililofunikwa na halijoto. Njia hugawanywa katika theluthi tatu, na kila theluthi hupewa msimbo kutoka 6 hadi 0. Njia kavu ni 6. Sakitu, unyevu, au theluji isiyozidi milimita 3 ni 5. Theluji iliyoshindiliwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi ni 4. Halijoto ikiwa juu ya hapo, tabaka lilelile hushuka hadi 3, kwa kuwa barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza zaidi. Theluji kavu au mbichi inayozidi milimita 3 pia ni 3. Theluji chepechepe au maji yanayozidi kina hicho ni 2. Barafu ni 1, na barafu yenye maji juu yake ni 0.

Taarifa ya 5/5/3, kwa mfano, humwambia rubani kwamba theluthi ya mwisho ina breki hafifu kuliko mbili za kwanza. Jambo jipya ni kwamba watengenezaji wa ndege hutoa takwimu za umbali wa kutua kwa misimbo hiyohiyo. Mkaguzi na rubani, kwa mara ya kwanza, wanasoma jedwali moja. Taarifa za marubani waliotangulia nazo huingia humo, na huweza kumlazimu mkaguzi kushusha msimbo.

Marekani ilianza kuutumia mfumo huo tarehe 1 Oktoba 2016. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) liliufanya kuwa wa dunia nzima kuanzia tarehe 4 Novemba 2021, baada ya kuahirishwa kwa mwaka mmoja kutokana na janga la UVIKO-19.

7.0 Mipaka ya Lugha: New York, 2015

Ingekuwa kosa kuihitimisha historia hii kana kwamba lugha ya pamoja inatosha. Tarehe 5 Machi 2015, ndege ya MD-88 ya Delta ilitua LaGuardia, New York, kwenye njia yenye theluji. Ndege zilizotangulia ziliripoti breki nzuri, lakini marubani waliiona njia ikiwa nyeupe kuliko walivyotarajia. Njia ilikuwa fupi, na maji ya ghuba yalikuwa ng'ambo ya tuta. Kapteni alitumia msukumo wa kinyume kwa nguvu kupita kiasi. Katika ndege yenye injini mkiani, nguvu hiyo huvuruga hewa inayofikia usukani wa mkia. Ndege ilipoteza mwelekeo na kuteleza kushoto hadi pua yake ikakaa juu ya tuta. Hakuna aliyefariki. NTSB ilitaja wasiwasi wa rubani kuhusu kusimama kuwa miongoni mwa sababu changizi.

Chicago msukumo wa kinyume ulichelewa. New York ulizidi. Matukio haya mawili yanabainisha kwamba shaka kuhusu njia haibaki kwenye karatasi. Huingia katika mikono ya rubani na kubadili anachokifanya katika sekunde chache za mwanzo. Kwa hiyo thamani ya taarifa sahihi si ya kihesabu pekee. Taarifa inayoaminika humpunguzia rubani hofu, na mtu asiye na hofu hukosea kidogo zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha mikondo mitatu. Kwanza, maarifa yalihama kutoka kupima njia kama kitu kinachojitegemea kuelekea kuieleza njia kwa kuihusisha na ndege. Pili, mabadiliko makubwa yalifuata vifo, ingawa mapungufu yaliyorekebishwa yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Orodha ya Boston ya mwaka 1985 inafanana kwa kiasi kikubwa na kazi iliyoanza baada ya Chicago, miongo miwili baadaye. Tatu, mgawanyo wa lawama ulitegemea mgawanyo wa maarifa. Thain alihukumiwa kwa kile ambacho wachunguzi wake walijua kukiuliza.

Kwa viwanja vya Afrika Mashariki, mjadala huu si wa mbali kama theluji yenyewe inavyoonekana. Mfumo wa mwaka 2021 unazifunga nchi zote wanachama wa ICAO, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Katika mvua ya masika, mpaka uleule wa milimita 3 ndio unaotenganisha njia yenye unyevu tu, msimbo 5, na njia yenye maji yaliyotuama, msimbo 2. Mkaguzi anayetoka na gari mvua ikinyesha anatoa hukumu ileile anayoitoa mwenzake wa Oslo au Chicago, na rubani anaitegemea kwa kiwango kilekile. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna taarifa hizo zinavyokusanywa na kufikishwa katika viwanja vya ukanda huu. Historia iliyojadiliwa hapa inaonyesha kwamba swali hilo lisipoulizwa mapema, huja kuulizwa na wachunguzi, na wakati mwingine anayelipa ni mtu ambaye hakuwahi kupanda ndege hiyo.